Wapigaji Walivyoichukua Sauti ya Besi Kutoka Kiwandani

Mpiga besi wa miaka ya 1940 alionekana kuliko alivyosikika. Alisimama nyuma ya besi kubwa ya mbao iliyomzidi kimo, akavuta nyuzi mpaka vidole vikatoka malengelenge, na bado tarumbeta na ngoma zikammeza. Historia ya pikapu za besi, yaani vifaa vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, inaanzia kwenye dhiki hiyo, na tangu hapo karibu kila hatua yake imesukumwa na mpigaji aliyechoshwa na jambo fulani. Viwanda vimesifiwa vya kutosha. Wapigaji na mafundi waliofungua skrubu kwa mikono yao bado wanadai haki yao.

Mwaka 1831 Michael Faraday alikwisha kuonyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Ikapita karne nzima kabla kanuni hiyo haijawekwa chini ya nyuzi za gitaa. George Beauchamp, mwanamuziki wa Los Angeles, aliifanya kazi hiyo akishirikiana na Adolph Rickenbacker, na gitaa lao likaingia sokoni mwaka 1932. Namna ya kufanya kazi ni ileile hadi leo: sumaku huuambukiza uzi wa chuma usumaku kidogo, uzi ukitetema usumaku unatikisika, na koili inatoa umeme unaofuata mtetemo huo. Katikati ya miaka ya 1930 Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza besi ya umeme yenye freti, ya kupakatwa kama gitaa. Alilitangulia soko, nalo halikumfuata.

Leo Fender alifika kwa wakati. Fundi redio huyu wa Fullerton, California, hakujua kupiga gitaa, na nadhani ndiyo maana aliwasikiliza sana waliojua. Precision Bass yake ya mwaka 1951 ilikuwa na pikapu sahili kabisa: koili moja na sumaku nne, kila uzi na sumaku yake. Ilisikika, na hilo pekee lilitosha kubadili bendi. Lakini koili moja haibagui. Inapokea mtetemo wa uzi, na papo hapo inapokea mvumo wa umeme wa taa na transfoma zilizo karibu.

Mwaka 1957 Fender aliikata pikapu ile vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene, kingine chini ya mbili nyembamba. Koili za vipande hivyo zilisukwa kwa kupingana, na sumaku zake zikageuziana ncha. Mvumo unapoingia katika koili zote mbili, kila moja inaufuta wa mwenzake. Sauti ya uzi inabaki salama. Gibson, washindani wa Fender, nao walikuwa na jibu lao, kwani fundi wao Seth Lover aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili mwaka 1955. Kwa gitaa la kawaida pikapu ya Lover ndiyo iliyotamba. Kwa besi, ile ya Fender ya vipande viwili haijashindwa mpaka leo, na sioni aibu kusema ndiyo pikapu bora kuliko zote zilizowahi kubuniwa kwa ajili ya besi.

Jazz Bass ya 1960 ilileta pikapu mbili nyembamba, moja karibu na shingo na nyingine karibu na daraja. Penye daraja uzi hauna nafasi ya kucheza sana, kwa hiyo sauti inatoka kavu na kali; kuelekea shingoni inakuwa nzito na ya duara. Gibson upande wao waliweka pikapu pana yenye waya mwingi mno shingoni kabisa mwa besi zao za EB. Uzito wake ulijaa ukumbi mzima, ila noti zilipakana hata usijue ipi imeishia wapi. Wapigaji wengi waliilaani.

Hapa lazima nimtaje mpiga besi James Jamerson wa Detroit. Kwenye rekodi za Motown alipiga Precision ya mwaka 1962, nyuzi laini zisizobadilishwa, sifongo chini ya kifuniko cha daraja, na kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Pikapu ilikuwa ya kiwandani. Mabesi yaliyoendelea kuigwa kuliko yote katika muziki wa karne ya 20 yalitoka kwenye pikapu ambayo hakuna aliyeona haja ya kuing'oa.

Waliotaka kung'oa walirahisishiwa kazi na Fender mwenyewe bila kukusudia. Besi zake zilifungwa kwa skrubu, waya zikaunganishwa kwa risasi ya kuchomelea, na vipimo vya pikapu vikabaki vilevile mwaka hadi mwaka. Mwenye bisibisi na mkono uliotulia aliweza kuitoa pikapu na kurudisha nyingine kabla jioni haijaingia. Mwaka 1965 kampuni ikauzwa kwa CBS kwa dola milioni 13, na wapigaji wakaanza kulalamika kwamba magitaa mapya si kama ya zamani. Malalamiko hayo yakageuka biashara. Larry DiMarzio alianza kuuza pikapu za kubadilishia mwaka 1972. Seymour Duncan alifungua kampuni yake mwaka 1976, na mwaka huohuo Rob Turner akaanzisha kazi iliyokuja kuitwa EMG, yenye pikapu zinazotumia betri ya volti 9. Kabla yao Ron Wickersham na wenzake wa kampuni ya Alembic walikwisha kuijaza mitambo besi ya Phil Lesh wa bendi ya Grateful Dead.

Ninayempenda zaidi katika kizazi hicho ni mpiga besi Billy Sheehan wa Buffalo. Alichukua Precision yake, akachimba mbao karibu na shingo, na kuingiza humo ile pikapu ya Gibson iliyolaaniwa. Kila pikapu akaipa njia yake ya kutokea na amplifaya yake: ya Gibson kwa uzito, ya Fender kwa makali. Baadaye DiMarzio na Yamaha wakamtengenezea vifaa vya kiwandani vilivyofuata wazo lake.

Sumaku nazo zina safari yao, na safari hiyo inapita Kongo. Pikapu za kale zilitumia alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Katika aina inayopendwa zaidi, kobalti ni karibu robo ya uzito. Mwezi Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, katika mkoa wa Katanga uliokuwa ukiitwa Shaba, na bei ya kobalti duniani ikaruka. Watengenezaji wa spika, ambao kila sumaku yao ilikula madini mengi, walihamia sumaku za feraiti. Pikapu iliponea kwa udogo wake. Feraiti ilikwisha kupata nafasi humo kwa sababu ya makali yake, lakini alniko haikuondoka, na anayeiagiza leo kwa ajili ya sauti ya zamani huenda ananunua punje ya ardhi ya Katanga bila kujua.

Siku hizi wanaobadilisha wanavutwa pande mbili. Wengine wanataka nakala halisi ya koili moja ya 1951, mvumo wake ukiwemo. Wengine wanapiga besi ya nyuzi tano, ambayo uzi wake mnene hutetema mara 31 tu kwa sekunde, na pikapu nyingi za zamani hazikuundwa kwa kina hicho.

Kwetu Afrika Mashariki nako mvumo ni suala zito. Umeme wa Marekani hutetema mara 60 kwa sekunde. Wetu mara 50, na noti ya G ya chini kwenye besi hutetema mara 49. Mvumo umekaa ubavuni mwa noti, kwa hiyo ukiupunguza kwa kuzungusha kitufe cha amplifaya unapunguza na noti yenyewe. Mwenye Jazz Bass anayependa kupiga kwa pikapu ya daraja peke yake, ambayo ni ya koili moja, katika ukumbi wenye taa na transfoma zinazovuma, atafute pikapu za koili mbili zilizopandana moja juu ya nyingine. Zinaingia kwenye tundu lilelile bila kuchimba mbao.