Haikutumwa na Haijatumwa: Usahihishaji wa Sarufi katika Kiswahili cha Programu Huria

Kijiji cha Mwamgongo kiko katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mahali ambapo kwa miaka mingi wasafiri kutoka Kigoma wamefika kwa mashua na si kwa barabara. Ni kimojawapo cha vijiji vinavyoizunguka Gombe, eneo ambalo Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994. Kuelekea mwaka 2010 taasisi hiyo iliingiza simu za mkononi katika kazi ya waangalizi wa misitu ya vijiji. Badala ya daftari, mwangalizi alipewa fomu ndani ya simu, akaandika humo alichokiona: mtego, shina lililokatwa, kiota cha sokwe. Programu iliyotumika ni Open Data Kit, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Hiyo ni programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake asilia uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Uhuria huo unahusu pia maneno yaliyomo ndani yake na maelezo yanayoambatana nayo.

Sifa kubwa ya programu hiyo kwa mahali kama milima ya Gombe ni kwamba haihitaji mtandao wakati wa kujaza fomu. Fomu hukaa katika simu, ikangoja mpaka mwenye simu afike penye mawimbi. Ni hapo ndipo sarufi inapopata uzito. Kiingereza kina usemi mmoja mfupi wa kueleza kwamba fomu si miongoni mwa zilizotumwa, na usemi huo hautofautishi jambo lililoshindikana na jambo ambalo wakati wake haujawadia. Kiswahili hakimruhusu mtafsiri kukwepa uamuzi huo. Akiandika "fomu haikutumwa", amesema kwamba jaribio lilikuwapo na likashindikana, au fursa ilipita. Akiandika "fomu haijatumwa", amesema kwamba kazi bado iko njiani. Tofauti ya -ku- na -ja- haimpigi chenga mtoto wa shule ya msingi, ila mtafsiri anayeletewa maneno mawili yaliyong'olewa katika muktadha wake anaweza kuikosa kwa urahisi kabisa.

Matokeo ya kukosea hapo si ya kimtindo tu. Mwangalizi anayesoma "haikutumwa" ana kila sababu ya kudhani kwamba kazi yake imepotea na kuijaza fomu upya. Fomu inayojazwa upya hupewa utambulisho wake mpya, kwa hiyo mtego mmoja huweza kuhesabiwa kuwa miwili, na anayechora ramani mbali na ziwa hana njia nyepesi ya kulijua hilo. Kosa hili halikuwa katika msimbo. Lilikuwa katika kiambishi kimoja.

Nani, basi, mwenye mamlaka ya kukirekebisha kiambishi hicho? Swali hili lina historia ndefu kuliko kompyuta. Kiswahili kilifika ufuko wa Ujiji kwa misafara ya biashara. Burton na Speke walipowasili hapo mwaka 1858, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kutia mguu. Lugha hiyo ikavuka ziwa, na ng'ambo ya pili ikazaa Kingwana. Hakuna aliyeisahihisha. Usahihishaji rasmi ulikuja na usanifishaji: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kamati hiyo ilipitia miswada ya vitabu vya shule, ikarekebisha, na kuvipa idhini vile vilivyoiridhisha. Mamlaka yalikuwa ya muhuri, na muhuri ulikuwa na ofisi. Kwa msomaji wa Kigoma, Kiswahili sahihi kilikuwa kitu kilichoshushwa kwa reli kikiwa kimekwisha kupigwa chapa.

Programu huria zilibadili utaratibu huo, angalau kwa nadharia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa chini ya Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za OpenOffice.org zikiwa katika Kiswahili. Microsoft nayo ilikuja na Kiswahili chake katika miaka hiyohiyo. Tofauti ni kwamba tafsiri ya Kilinux ilikuwa wazi: aliyeona kosa aliweza, kisheria, kulifungua faili la tafsiri na kuliandika upya. Neno "kisheria" libebe uzito wake hapa, kwa sababu kujua kwamba faili hilo lipo, lilipo na jinsi linavyoandikwa ni elimu ambayo hadi leo haimfikii kila atumiaye simu.

Hata anayelifikia faili hukuta tatizo jingine, ambalo wanaisimu wa Kiswahili wangelitambua mara moja. Wahandisi wa programu hupenda kuunda sentensi kwa vipande: kipande cha kudumu kisemacho kwamba kitu kimefutwa, na pengo la kutia jina la kitu chenyewe. Kwa Kiingereza pengo hilo hupokea jina lolote bila kugusa kitenzi. Kwa Kiswahili, "imefutwa" yaridhisha kwa picha na fomu, lakini mtumiaji lazima awe amefutwa, jina limefutwa, kifaa kimefutwa na ujumbe umefutwa. "Faili" lenyewe bado lina mvutano, wengine wakisema "faili limefutwa", wengine "faili imefutwa". Programu isiyojua ngeli huandika "Mtumiaji imefutwa", na msemaji wa Kiha, ambaye lugha yake ya kwanza nayo ina ngeli na upatanisho wake, hahitaji shahada kuona kwamba sentensi hiyo imevunjika.

Baadhi ya wasahihishaji hubadilisha kitenzi na kuiacha sentensi ilivyo. Dawa hiyo huponya neno moja na kuvunja jingine. Njia iliyo bora ni kukimbilia ngeli ya ku-, ambayo hujipatanisha yenyewe: "Kufuta kumekamilika", kisha nukta mbili na jina la kitu chochote kile. Muundo huo ni wa Kiswahili halisi na haumdai mhandisi ajifunze ngeli. Bora zaidi ni kurudi kwenye chimbuko, yaani kumwomba mwandishi wa sentensi ya Kiingereza aache kuikatakata, au aambatishe maelezo yanayosema kama fomu imeshindikana kutumwa au inangoja. Katika utaratibu wa Kamati ya 1930 mtafsiri hakuwa na mlango wa kumrudia mwandishi wa Kiingereza namna hiyo. Katika programu huria mlango huo upo, na maombi yanayopita humo hunufaisha hata lugha ambazo mwombaji hazijui, kwa kuwa utata ukiondolewa katika chimbuko, mtafsiri wa Kirundi ng'ambo ya mpaka naye huukuta umekwisha kuondolewa.

Limebaki neno moja ambalo ngeli haiwezi kuliamua. Kitufe cha kutunza kazi katika programu nyingi za Kiswahili kimeandikwa "Hifadhi", na kwa mtu wa Dar es Salaam hakuna shaka juu yake. Mwamgongo imepakana na Hifadhi. Katika fomu inayouliza kama mtego ulionekana katika msitu wa kijiji au hifadhini, neno hilo laweza kutokea mara mbili katika kioo kimoja, mara moja likiwa mahali, mara nyingine likiwa amri, na herufi kubwa ya mwanzo haisaidii kwa sababu yote mawili huanza nayo. "Tunza" lingetosha. Ni silabi mbili, linaenea katika kitufe, na hakuna msitu unaoitwa hivyo.