Kibera Kabla ya Mabati

Mgeni anayeletwa Kibera, Nairobi, kwa gari la watalii huambiwa mapema kwamba huu ndio mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika, na kwamba una watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipata watu wapatao 170,000. Hesabu hiyo ilizua ubishi mkali, na sina haja ya kuuamua hapa. Kinachonikera ni masimulizi yenyewe kuanzia kwenye mabati na mitaro ya maji taka, kana kwamba pale hapakuwahi kuwa na kitu.

Palikuwa na msitu. Wanubi waliofika mwanzoni mwa karne iliyopita ndio waliopaita Kibra, yaani msitu. Walikuwa askari, wengi wao wa uzao wa jeshi la Gavana Emin Pasha lililokwama jimboni Equatoria, kusini mwa Sudan, ambalo ofisa Mwingereza Frederick Lugard aliliajiri mwaka 1891. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, wao walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Wakoloni hawakutaka kuwalipa pensheni, wakawapa ardhi ya kukaa. Ilipopimwa mwaka 1917 ilikuwa ekari 4,197, na mwaka uliofuata ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Walilima mahindi, wakafuga ng'ombe, wakajenga nyumba zilizoachana. Wakapika pia pombe kali iliyojulikana Nairobi nzima, jambo lililowaumiza vichwa maofisa wa kizungu kuliko suala lolote la umiliki. Hati hawakupewa. Tume ya ardhi ya Carter ya 1933 iliwahesabu kuwa wapangaji tu wa Mfalme.

Baada ya uhuru ardhi hiyo iliendelea kumegwa kwa ajili ya mitaa mipya: Jamhuri, Ayany, Olympic, Fort Jesus. Msitu nao ulipunguzwa vivyo hivyo. Msitu wa Barabara ya Ngong ulitangazwa hifadhi mwaka 1932 ukiwa na karibu hekta 2,900. Leo zimesalia zaidi kidogo ya 1,200, nazo zimekatwakatwa na barabara. Hata hivyo kuna njia za kutembea kwa miguu humo, na ndege wa kuangalia ni wengi. Mtalii wa Kibera hapelekwi huko, ingawa ni jirani.

Mto unaounganisha haya yote ni Motoine. Hutoka upande wa Dagoretti, ukapita Kibera na kuingia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kwa ajili ya maji ya jiji. Watu wa mashua za tanga walicheza hapo. Baadaye uchafu wa mitaa isiyo na mabomba ukateremka nao, magugu maji yakalifunika, hadi mtu akawa anadhani ni shamba.

Kawangware, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, haina Wanubi wake wala gari la watalii, lakini nayo ina historia yake: iko katika eneo la Dagoretti, ambako Lugard alikula kiapo cha urafiki na kiongozi wa Wakikuyu Waiyaki wa Hinga mwaka 1890 na kujenga ngome. Alipoondoka, watu aliowaacha humo wakaanza kupora wenyeji, na ngome ikachomwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Mtaa wa Kawangware ulikua baadaye ukingoni mwa mtaa wa kitajiri wa Lavington, ukiwapa makao wafanyakazi wa nyumba kubwa wanaokwenda kazini kwa miguu alfajiri. Ukitaka kuonyesha jinsi Nairobi ilivyojengwa, mpaka wa mitaa hiyo miwili unafundisha kuliko jumba la makumbusho.

Lakini ni Kibera iliyojulikana duniani, hasa baada ya filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, na wageni wakaongezeka. Mwaka 2010 Kennedy Odede, aliyekulia hapo, aliandika katika New York Times kupinga ziara hizo: mgeni hupiga picha, huondoka, na mwenyeji hubaki alivyokuwa. Sidhani jibu ni kufunga njia. Kuna vitu vya kuonyesha visivyomdhalilisha mtu. Umande Trust imejenga vyoo vya umma ambavyo kinyesi chake hutoa gesi ya kupikia. Kounkuey Design Initiative, pamoja na wakazi, imegeuza kingo za mto zilizokuwa jaa la taka kuwa viwanja na mahali pa kufulia. Mafundi huchonga vipuli na shanga kutokana na mifupa ya ng'ombe ya machinjioni.

Mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hati ya ekari 288, baada ya zaidi ya miaka 100. Ningeanza ziara kwao, katika kitongoji cha Makina, kwenye msikiti na nyumba za wazee, mwenyeji akiwa ndiye anayesimulia na kupanga bei. Kisha watu wateremke hadi mtoni, na kumalizia msituni.