Ibada na Sheria katika Makoloni ya Amerika

Wapuritani waliovuka bahari mwaka 1630 chini ya John Winthrop wakaasisi mji wa Boston hawakuihama Uingereza ili kila mtu aabudu apendavyo. Walihama ili waisimamishe dini waliyoiamini kuwa ndiyo ya haki. Dini hiyo ikaingia katika kila pembe ya maisha, tangu kura, ambayo kuanzia mwaka 1631 walipewa wanaume waliokubaliwa na kanisa peke yao, hata Krismasi, ambayo mwaka 1659 ilipigwa marufuku Massachusetts kwa faini ya shilingi tano, kwa kuwa waliihesabu ni bidaa isiyo na asili katika Maandiko.

Sabato yao ilianza Jumamosi jua likichwa. Asubuhi yake watu walikusanyika katika nyumba ya mikutano, jengo lisilo na msalaba wala sanamu, ambamo mambo ya mji nayo yalijadiliwa, wakaketi kwa mujibu wa hadhi zao, wanawake upande wao na wanaume upande wao, wakasikiliza mawaidha marefu asubuhi na tena alasiri. Humo hapakuwashwa moto hata wakati wa theluji, na Januari 1686 Samuel Sewall wa Boston aliandika katika shajara yake kwamba mkate wa ushirika uliganda kwa baridi hata ukawa unagonga sahani ulipomegwa. Watu walioketi saa nyingi katika baridi ya namna hiyo, hatuna haki ya kusema kwamba imani yao ilikuwa ya midomo tu.

Walakini imani hiyo hiyo haikumstahimilia mpinzani. Roger Williams alifukuzwa, akaenda kuasisi Providence mwaka 1636. Anne Hutchinson, aliyewakusanya watu nyumbani kwake kuyapima mahubiri ya wachungaji, akafukuzwa mwaka 1638. Na Mary Dyer, wa madhehebu ya Waquaker, alinyongwa Boston mwaka 1660. Sewall mwenyewe alikuwa miongoni mwa mahakimu wa Salem mwaka 1692, walipohukumiwa na kunyongwa watu 19 kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 1697 alisimama kanisani mbele ya umma huku toba yake ikisomwa, na mwaka 1700 akachapisha risala ya kuulaani utumwa wa watu weusi, jambo ambalo wachache wa tabaka lake walithubutu kulitenda.

Huko Virginia sheria ilikuwa imekwisha amua kinyume chake. Walikuwapo watumwa waliodai uhuru kwa hoja ya ubatizo, na mwaka 1667 baraza likatangaza kwamba ubatizo haumtoi mtu utumwani. Jirani yake Maryland, iliyotunga mwaka 1649 sheria ya kustahimiliana baina ya Wakristo, ndiko alikofikishwa mwaka 1731 Ayuba Suleiman Diallo, mwanachuoni wa Bundu aliyetekwa karibu na mto Gambia. Alipojitenga mwituni kuswali, mtoto wa kizungu alimdhihaki na kumtupia mchanga usoni. Akatoroka, akafungwa, kisha akamwandikia baba yake waraka kwa Kiarabu, ambao ulifika London mkononi mwa James Oglethorpe, naye akafanya njia ya kumkomboa. Huko London Ayuba aliinakili Kurani kwa hifadhi ya moyo, na mwaka 1734 akarejea Gambia, ambako alipata habari kwamba baba yake amekwisha fariki, ila kabla ya kufa aliwahi kupokea barua za kumjulisha kuwa mwanawe yu huru.