Somo la Historia: Shanga za Kioo

Wanafunzi wa elimu ya watu wazima, leo tutazungumza juu ya shanga za kioo. Mwenye shanga darasani azitoe, zipite mkono kwa mkono huku mkisikiliza. Hasa ninyi wa Singe na Babati nzima, kwa kuwa sketi za ngozi walizoshona shanga kina mama wa Kiiraqw ni kazi ya kwenu.

Zamani shanga hizi zilitoka ng'ambo: Bara Hindi na, baadaye, Venice katika Italia. Wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta Kilwa. Fundi aliyeyusha kioo, akakivuta kingali moto, chenye tundu katikati, mpaka kikawa mrija mwembamba. Kisha aliukata vipande vidogo vidogo. Shanga nyingine zilizungushwa moja moja juu ya kijiti cha chuma. Ndiyo sababu hazilingani sawasawa.

Wengine husema wazee wetu walidanganywa, wakatoa pembe za ndovu wapate vioo. Ni kweli wafanya biashara walipata faida kubwa. Lakini wazee hawakupokea kila kitu. Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri toka pwani mpaka Ziwa Tanganyika mwaka 1857 na 1858, aliandika kwamba aina za shanga zilikuwa karibu 400, na kila nchi ilichagua zake. Nyekundu, zilizoitwa samesame, zilipendwa sana. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa uliona taabu kununua chakula. Basi thamani ya shanga haikupangwa na mfanya biashara peke yake. Ilipangwa pia na mama aliyezitazama akasema, "Hizi sizitaki."

Shanga zilipimwa kwa kete. Kete 10 zilifanya fundo moja.

Mwaka 2020 UNESCO iliuandika ufundi wa shanga za kioo wa Italia na Ufaransa katika orodha ya urithi wa binadamu. Mikono iliyozishona huku kwetu nayo yastahili heshima. Mtu akija kununua sketi ya bibi kwa bei ya ngozi tu, mwambieni azihesabu kwanza shanga. Waulizeni wazee majina ya rangi, myaandike, maana sasa kalamu mnayo.

Maswali:
1. Kwa nini shanga za mkono hazilingani?
2. Nani walipanga thamani ya shanga?
3. Mafundo 3 yana kete ngapi?

Kwaherini.