Jina Lililokwanguliwa

 Leo tutazungumza habari za kitabu kimoja cha kale, na jinsi watu wenye elimu walivyokisoma muda mrefu bila kumjua mwenyewe.

Kitabu hicho ni Biblia ya Kilatini, nacho kimewekwa katika mji wa Florence, nchi ya Italia. Si kitabu cha kutia mkobani. Uzito wake ni kama kilo 34. Kina karatasi 1030, wala si karatasi za kiwandani, bali ngozi za ndama zilizolowekwa, zikakwanguliwa, zikawambwa mpaka zikakauka. Fanya hesabu: ngozi moja ikitoa karatasi mbili, zilitakiwa ngozi 515. Huo ni utajiri wa mifugo.

Mwanzoni mwa kitabu yameandikwa mashairi mafupi ya kukitoa kuwa zawadi. Yanasema kwamba mtoaji ni Petro, mkuu wa watawa, kutoka pembe za mbali za nchi ya Walombardi. Walombardi walikuwa watu waliotawala sehemu kubwa ya Italia. Basi wataalamu wakasema: kitabu hiki ni cha Italia. Tena herufi zake ni za mtindo wa Kirumi, safi, zimepangwa vizuri, hata wengi wakaamini kimeandikwa huko katika karne ya 6. Usiwacheke. Maandishi yalisema hivyo, na macho yao yalikubali. Nani angekwenda kumtafuta fundi wa kazi kama hiyo katika Uingereza ya zamani zile, nchi iliyohesabiwa kuwa ukingo wa dunia?

Lakini tazama karibu. Majina yale yameandikwa juu ya mahali palipokwanguliwa kwa kisu. Ngozi haisahau, ukifuta wino, kovu hubaki. Kuna jambo la pili pia, nalo wewe uliyezoea mashairi yetu utalielewa upesi. Mashairi ya Kilatini yana mizani. Hayahesabu silabi nane kwa nane kama sisi, ila hupima silabi ndefu na silabi fupi. Majina yale mapya yalivunja mizani. Aliyefuta alikuwa na kisu kikali, lakini hakuwa na sikio la mshairi.

Katika miaka ya 1880 mtaalamu Mwitalia, Giovanni Battista de Rossi, aliyachungua maneno hayo, akatafuta jina litakaloenea katika nafasi ile na kutimiza mizani. Akasema: ni Ceolfrith (tamka Cheolfrith), mtu wa Uingereza. Taifa lake alilikisia, akaandika Wabritoni. Mtaalamu mwingine, F. J. A. Hort, akamsahihisha. Kulikuwa na kitabu kidogo cha maisha ya Ceolfrith, kilichoandikwa na mtawa wa nyumba yake mwenyewe, na ndani yake mashairi yale yale yalikuwa yamenakiliwa yakiwa mazima, kisu hakijapita. Humo neno ni Waangle, yaani Waingereza wa kale. Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipokatwa.

Ceolfrith alikuwa nani? Alikuwa mkuu wa nyumba mbili za watawa, Wearmouth na Jarrow, kaskazini-mashariki ya Uingereza. Wearmouth iliwekwa mwaka 674 na Benedict Biscop, msafiri aliyekwenda Roma mara kadhaa na kurudi na vitabu. Ufundi wa kutengeneza vioo haukuwako kwao, ikambidi kuwaita mafundi kutoka nchi ambayo leo ni Ufaransa. Mwalimu wa Chuo Kikuu cha Durham, Rosemary Cramp, alianza kuchimba Wearmouth mwaka 1959 na baadaye Jarrow, na katika udongo vikaonekana vipande vya vioo vya rangi vya madirisha yao.

Mwaka 686 hivi tauni iliingia Jarrow. Kile kitabu kidogo kinaeleza kwamba watawa wote waliojua kusoma na kuimba ibada walikufa, wakabaki Ceolfrith na mtoto mmoja tu. Kwa huzuni wakapunguza nyimbo. Juma moja likapita, Ceolfrith akashindwa kuvumilia. Wakairudia ibada kamili, mkubwa na mdogo wakipokezana, mpaka wengine wakafundishwa. Fikiri, ndugu yangu: elimu ya nyumba nzima ilikuwa imebaki katika vinywa viwili. Wengi huamini kwamba mtoto yule ni Bede, ambaye mwaka 731 alimaliza kuandika historia kubwa ya kanisa la Waingereza.

Kutoka msiba huo hata kufika mwaka 716 ni miaka thelathini tu. Katika muda huo Ceolfrith alisimamia kuandikwa kwa Biblia kubwa tatu. Mbili aliziacha katika nyumba zake. Ya tatu alitaka kuipeleka Roma yeye mwenyewe. Akaondoka mwezi wa Juni, mzee wa miaka 74, watawa wakimlilia. Hakufika. Alifariki Langres, katika Ufaransa ya leo, tarehe 25 Septemba mwaka ule ule, na baadhi ya wenzake wakaendelea na safari pamoja na zawadi. Hiyo ndiyo Biblia ya Florence.

Katika zile mbili zilizobaki nyumbani zimeonekana karatasi chache tu, na nyingine kati ya hizo zilikuwa zimegeuzwa majalada ya hati za mashamba.

Mwaka 2018 Biblia ya Florence ilipelekwa London kwa maonyesho, ikakanyaga tena nchi ilikoandikwa kwa mara ya kwanza tangu safari ya Ceolfrith. Chukua daftari lako, utoe 716 katika 2018, uone ilikaa ugenini miaka mingapi.