Konrodi inayoirudisha kranki kazini

Katika magofu ya Hierapolis, nchini Uturuki, kuna jeneza la jiwe la karne ya 3 lililochongwa picha ya gurudumu la maji likiendesha misumeno ya kupasulia mawe. Mzunguko wa gurudumu unafika kwenye misumeno kwa fimbo, nayo misumeno inakwenda na kurudi. Huo ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa konrodi, yaani fimbo inayounganisha kranki inayozunguka na kitu kinachokwenda na kurudi.

Injini ya mvuke iligeuza kazi hiyo: pistoni ndiyo iliyosukuma, kranki ikazunguka. James Watt alipotaka kufanya hivyo Uingereza, alikuta James Pickard ameshakata hataza ya kranki mwaka 1780. Ikambidi abuni mfumo wa gia kukwepa hataza hiyo, iliyokwisha mwaka 1794.

Kwa mafundi wa injini ndogo, mwaka mkubwa ni 1953. Briggs & Stratton ya Milwaukee, Marekani, ilitoa injini nyepesi ya alumini kwa mashine za kukatia majani. Katika injini nyingi za aina hii konrodi nayo ni ya alumini, na haina beringi: inasuguana yenyewe na kranki ya chuma, ikitegemea oili inayorushwa ndani ya injini. Oili ikipungua, alumini hupata moto na kugandia kwenye kranki. Gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, ikichezewa, injini ikazunguka kupita kiasi, konrodi hukatika na mara nyingine hutoboa bloku.

Wengi huona huo ni udhaifu. Mimi naona ni mpango mzuri, maana kinachoumia zaidi ni kile cha bei ndogo. Viwanda vyenyewe viliuza dawa yake: konrodi za akiba zenye tundu dogo kuliko la kawaida. Ya Briggs ilipungua inchi 0.020, yaani takriban nusu milimita. Kohler ilikuwa na ya inchi 0.010, Honda ina ya milimita 0.25 kwa injini zake za GX. Kranki iliyokwaruzika inasagwa hadi saizi hiyo, inapimwa kwa maikromita, inafungwa konrodi mpya, na injini inarudi kazini.

Injini za bei poa zimeua desturi hiyo katika karakana nyingi. Konrodi zake zinazoletwa dukani mara nyingi ni za saizi ya kawaida tu, hivyo kranki iliyokwaruzika kidogo inaishia kwenye vyuma chakavu, na mara nyingi injini nzima huifuata.