Sili

Katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na Grogan, Nairobi, sili ni kipete cha mpira kinachozuia oili isivuje pale chuma kinapozunguka. Isichanganywe na gasketi. Gasketi hubanwa kati ya vipande viwili vilivyotulia. Sili huishi na mwendo, na ndiyo maana huchakaa.

Minneapolis na Saint Paul, miji ya jimbo la Minnesota, Marekani, huijaribu sili vikali. Sheria ya Minnesota inataka petroli ichanganywe na walau asilimia 10 ya ethanoli. Mchanganyiko huo huingia ndani ya mpira usioufaa, na mpira huvimba na kulainika. Kwenye koki ya petroli ya kuzungusha, sili iliyovimba hubana shina mpaka mpini unakuwa mgumu kugeuka. Wabunifu basi huchagua mpira wenye florini, unaostahimili petroli vizuri zaidi.

Lakini kuna baridi! Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Mpira wa florini wa kawaida huanza kukakamaa karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukikakamaa haulifuati tena shina, na mafuta hupata upenyo. Plastiki ya Teflon huvumilia yote mawili, petroli na baridi, ila haina mnyumbuko wa mpira, hivyo huwekewa springi ya kuisukuma.

Kisha kuna suala la nani autengeneze mpira wa florini. Desemba 2022 kampuni ya 3M, yenye makao Maplewood, jirani na Saint Paul, ilitangaza kuacha kutengeneza kemikali za PFAS (jamii ya kemikali zenye florini), mipira ya florini ikiwemo, kufikia mwisho wa 2025.